Neno la Kumaliza Maombi

Swali lenyewe lilikuwa hili: nikienda kambini kumwulizia mjomba, nitamtoa au nitamuuza? Askari walikuwa wamewashika wanaume watatu, na kwa nilivyodhani hawakujua nani ni nani. Nikimtaja mmoja kwa jina na kazi yake, nitakuwa nimemnyooshea kidole. Nisipokwenda, nitakuwa nimemwacha. Nililala na swali hilo katika vichaka vya Lurujo, upande mmoja mpaka ubavu ukauma, kisha upande wa pili. Kulipopambazuka nilikuwa na majibu mengi, yote mazuri, yote yakipingana. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa siku zile. Sina hakika kama imebadilika.

Ili swali hilo lieleweke, lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye Jumapili ya kawaida huko Dranya, kabla hatujajua kwamba neno linaweza kumfikisha mtu kifungoni.

Nilikuwa msichana aliyetoka kumaliza chuo kikuu Kampala, niko nyumbani nikingoja kazi ya ualimu. Kanisa letu lilikuwa la nyasi, lenye mlango mmoja na viti vya magogo vilivyong'aa kwa kukaliwa. Msomaji wake, aliyeongoza ibada, alikuwa Mjomba Yosia, kaka wa mama yangu. Siku za wiki alikuwa fundi wa kukausha tumbaku. Hakuvuta hata siku moja, lakini ukikaa karibu naye kanisani ulisikia harufu ya tumbaku, na watoto walidhani hiyo ndiyo harufu ya Biblia.

Mjomba aliomba kwa urefu. Aliombea mvua, wagonjwa, wanafunzi, ng'ombe wa watu na binamu zao, na serikali. Nje, ukutani penye kivuli, Shangazi Safia, dada wa baba yangu, alibangua karanga. Aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu wa Koboko, akasilimu, na alipofiwa na mume akarudi Dranya na dini yake na goti lake bovu. Kila Jumapili alikuja kukaa pale. Alisema anafuata kivuli tu.

"Yosia!" aliita mara nyingine kupitia dirishani. "Mungu wako hana kazi ingine leo?"

Watu walicheka, mjomba akafupisha kidogo, kisha likaja lile tulilolingoja. Makanisa ya mjini Arua yalimaliza maombi kwa "Amen" fupi, kama mtu anayefunga kifungo. Sisi hatukuwa hivyo. Babu zetu wengi walikuwa wamepita jeshini, na nusu ya kila ukoo ni Waislamu, kwa hiyo neno lilitufikia kwa njia ya kambi na msikiti, nasi tulilivuta: "Amiiiiin!" Watoto walishindana nani atamaliza mwisho. Mshindi kila mara alikuwa Mzee Kenyi, ambaye masikio yake yalikufa katika vita vya Wazungu. Alitazama midomo yetu ikifunguka, ndipo naye akaanza, peke yake, kwa sauti kubwa, wakati sisi tumeshamaliza. Mbwa wake aliposikia hivyo aliinuka na kujinyoosha, kwa kuwa alijua ibada imekwisha.

Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba neno lile ni la Kiebrania na limetembea dunia nzima. Nilimweleza mjomba siku hiyo. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Basi limetembea vizuri. Limefika Dranya."

Neno lile, kwa namna tulivyolivuta, lilikuwa vilevile jina la rais. Na rais alikuwa mtoto wa Koboko. Hatukuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile mtu anayeitwa Mvua hafikirii mawingu.

Kisha rais yule akaangushwa.

Mwaka huo, sabini na tisa, askari wa kwetu walipita wakielekea Sudan, wengine na magodoro, wengine na redio, wengine peku. Kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Alikunywa maji, akaniambia nisivae koti lake la jeshi hata kama baridi ni kali, akaondoka. Baada yao walikuja Watanzania. Tuliwaogopa sana, lakini walipita wakiwaamkia bibi zetu, "Shikamoo, mama," na bibi zetu hawakujua la kujibu. Shangazi Safia alijibu, "Mzuri tu, na wewe?" Askari kijana aliyemwamkia alicheka mpaka akaegemea bunduki yake.

Watanzania walipoondoka, likabaki jeshi jipya la serikali. Wengi wao walitoka sehemu ambazo ndugu zao waliuawa miaka ya nyuma na askari waliotoka kwetu. Sisemi hivi ili kuwatetea. Nasema kwa sababu nilitaka kujua, na bado nataka kujua, hasira inasafiri vipi kutoka kwa mtu mmoja hadi kufika katika kijiji kizima.

Jumapili moja, doria yao ilikuwa ikipita barabarani tukiwa ndani. Hatukuwaona. Mjomba alimaliza kuombea ng'ombe, nasi tukavuta neno letu kama kawaida.

Mlango ukajaa askari.

Koplo wao alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Alizungumza Kiswahili cha jeshi, kile kile chetu.

"Nani nashangilia hapa?"

Kisha Mzee Kenyi, ambaye alikuwa ameona midomo yetu na kufumba macho kabla mlango haujajaa, akaja na lake, refu, peke yake, katika kimya.

Koplo alimpiga kwa kitako cha bunduki begani. Mzee alianguka na kututazama, akitafuta kosa lake kwenye nyuso zetu.

"Afande," mjomba alisema, "hiyo ni neno ya kumaliza maombi. Hatushangilii mtu."

"Mimi pia Mkristo. Kwetu tunasema Amen. Nyinyi nataja jina ya mutu."

"Tunalivuta tu, afande. Ni desturi."

"Nasikia tena desturi hiyo," koplo alisema, "yule anaongoza, mimi namaliza yeye."

Wakaondoka na mbuzi wawili.

Kuanzia Jumapili iliyofuata, Mjomba Yosia alituagiza tumalize maombi kwa kimya. Alimaliza, tukaweka mkono kifuani, tukakaa hivyo kwa pumzi moja, basi. Kenyi alifundishwa kwa ishara. Mbwa wake alibaki amelala, akitungoja.

Ndipo mjadala ulipoanza. Jamani, watu wanaofikiri kwamba wakulima hawajadili theolojia hawajakaa Dranya. Mama mmoja alisema maombi bila neno lile ni sufuria bila mfuniko, mvuke wote unatoka pembeni. Mwingine alisema Mungu amezoea Kiswahili chetu kibovu tangu zamani, atashindwaje na kimya? Mimi nilipendekeza tuseme "Na iwe hivyo". Walijaribu mara moja. Lado, kijana aliyetupigia ngoma, alisema inasikika kama karani anayekubali kukupa ruhusa, na jambo likaishia hapo.

Msikitini Koboko nao walikuwa wameanza kulimeza. Shangazi Safia alituletea habari hiyo karibu kwa furaha. "Leo sisi wote ni dini moja," alisema. "Dini ya kumeza neno."

Mimi sikucheka. Nilijiuliza kama maombi yasiyofungwa yanafika. Nilijua ni swali la kitoto, na nilijua hoja zote za kulijibu, lakini lilibaki pale pale. Na chini yake kulikuwa na jingine baya zaidi: kama tunaweza kuliacha neno hili kwa kuogopa, tutaacha lipi baadaye? Nilimwuliza mjomba tulipokuwa tukipanga majani ya tumbaku.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Nimeliacha ili Kenyi asipigwe tena. Kama ni woga, Mungu ataniambia. Shika jani kwa shina, Kiden, unalivunja."

Mwaka uliofuata, askari wa zamani waliokuwa Sudan walivuka mpaka na kushambulia. Tulisikia mizinga upande wa Koboko asubuhi, wakati wanawake walikuwa wakianika mihogo mwambani. Waliishikilia sehemu yetu kwa muda mfupi, kisha wakarudi walikotoka. Sisi hatukuwa na pa kurudi. Jeshi la serikali lilipokuja kulipiza, halikutafuta nani alipigana na nani alianika mihogo.

Tulikimbia kuelekea Lurujo tukiona moshi wa Dranya nyuma yetu. Moshi wa nyasi ni mweupe. Moshi wa tumbaku kavu una rangi ya udongo, na harufu yake ilitufuata mpaka mbali.

Wengi waliendelea moja kwa moja hadi Zaire, mke wa mjomba miongoni mwao. Kundi letu dogo lilikwama vichakani kwa sababu ya goti la Shangazi Safia, ambalo lilivimba kama boga, kisha homa ikamshika. Alituambia tumwache. Mjomba alimwambia, "Safia, mwaka mzima umesikiliza maombi yangu bure. Sasa utalipa kwa kukaa kimya." Akakaa naye. Tulikula mihogo mibichi. Tulipika tu wakati ukungu ulikuwa mzito, ili moshi usionekane.

Homa yake ilikatika mchana mmoja. Aliamka, akatazama huku na huku, akauliza kwa nini tunamtazama kama maiti na kama kuna chumvi.

Mjomba alipiga magoti. Maombi yake yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba. Alisema, "Baba, ahsante kwa huyu dada."

Na sisi, wote, tukalisema.

Hatukupanga. Mkono haukuenda kifuani. Neno lilitoka lenyewe, refu, kama zamani, na baada ya sisi kuziba midomo kwa hofu, Mzee Kenyi akaanza lake.

Tulisikia tawi likivunjika upande wa njia.

Mjomba alisema tu, "Nendeni."

Tulimburuta Shangazi Safia kwenye korongo la nyasi ndefu. Mjomba hakuja. Alikuwa amerudi kumshika mkono Kenyi, ambaye hakusikia chochote na alikuwa bado amefumba macho. Lado alirudi kuwasaidia.

Sikuona walivyochukuliwa. Nilisikia sauti, kisha sikusikia tena.

Hapo ndipo lilipotokea swali nililoanza nalo.

Kambi yao ilikuwa katika shule, kando ya barabara ya kwenda Koboko. Wanaume wa kundi letu hawakuweza kwenda, kwa sababu kila mwanamume wa rika lolote alihesabiwa kuwa mpiganaji. Ningeweza kwenda mimi. Lakini nitasema lugha gani? Kiingereza, watasema ni mke wa ofisa. Kiswahili chetu, watasema ni mtoto wa askari, na ni kweli, nilikuwa dada wa askari. Na wakiuliza kazi ya mjomba? Nikisema mkulima, labda ataachiwa, labda yeye mwenyewe ameshasema vingine na mimi nitaonekana mwongo, na mwongo hapewi mtu wake. Nikisema msomaji, nimewapa yule anayeongoza, yule ambaye koplo aliahidi kummaliza. Nilimweleza Shangazi Safia yote haya tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nikaanza tena kwa mpangilio mwingine.

Alinisikiliza huku akilifunga goti lake kwa kitambaa.

"Kichwa yako, mwana ya ndugu yangu, iko kama kinu bila nafaka. Natwanga, natwanga, unga hakuna."

"Basi nifanye nini, shangazi?"

"Mimi najua? Mimi si wa dini yenu." Alijaribu kusimama, akashika bega langu. "Lakini miguu haiendi na majibu yote. Inaenda moja, halafu ingine. Twende."

"Wewe huwezi kutembea."

"Ndiyo maana tutaenda polepole. Askari hapigi risasi kitu inaenda polepole hivi. Itamchosha."

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa kuwa watu wameisimulia habari hii kama ya ushujaa. Sikuwa na ujasiri. Nilitapika mara tu tulipofika barabarani. Sikupata pia uhakika wowote kutoka mbinguni, ingawa niliuomba kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Nilikuwa na shangazi mmoja begani, kikapu cha mihogo iliyochemshwa kichwani, na barabara. Nilijaribu kuamua mapema nitasema nini, na kila nilipoamua, shangazi aliteleza na ikabidi nifikirie goti lake.

Mlinzi alituona kutoka mbali. Tulisimama.

Alitupa ishara tuje.

Tulikwenda.

Koplo alikuwa yule yule. Sijui kwa nini nilitumaini atakuwa mwingine.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Lurujo, afande."

"Lurujo hakuna watu."

"Iko sisi," Shangazi Safia alisema.

Alimtazama. "Nataka nini?"

Nilisema, "Mjomba wangu, afande. Anaitwa Yosia. Alishikwa pamoja na mzee mmoja asiyesikia na kijana mmoja."

"Kazi yake?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo usiku wote, na lilipofika halikuwa kubwa kama nilivyodhani. Lilikuwa swali la mtu aliyechoka. Nikamwona mjomba akilini akiulizwa, na nikajua angejibu nini. Sikuweza kusimama mahali alipo na kusema kinyume chake.

"Ni msomaji wa kanisa. Ndiye anayetuongoza kuomba."

Shangazi alinibana bega kwa nguvu. Sikujua kama alitaka nikae kimya au alitaka nisianguke.

"Ah," koplo alisema. "Ile watu ya jina." Aliwageukia askari waliokuwa wamekaa kwenye ngazi za darasa. "Hii ndiyo ile watu ya jina!" Wengine walicheka. "Haya. Wewe omba hapa. Tusikie namna mnamaliza."

"Niombe nini, afande?"

"Mimi nitajua? Omba!"

Sikuwahi kuongoza maombi mbele ya watu. Kanisani nilikuwa mtu wa kukaa nyuma na kufikiria. Nilifumba macho. Niliwaombea waliomo darasani, kwamba wapewe maji. Nilimwombea koplo apate usingizi. Nilimwombea mama yake, popote alipo, kwa kuwa sikuwa na jambo lingine la kusema juu yake. Kisha maneno yakaisha, na mbele yangu likabaki lile moja.

Ningeweza kulisema fupi, kwa namna yao. Lisingekuwa kosa. Ningeweza kuweka mkono kifuani. Hilo pia lisingekuwa kosa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Hata sasa siwezi kuthibitisha kwamba nilichokifanya kilikuwa bora. Najua tu kwamba sikutaka kuzungumza na Mungu kwa sauti ya mtu mwingine.

Nililisema la kwetu. Halikuwa na nguvu. Lilitetemeka katikati.

Darasani, nyuma ya dirisha lililozibwa kwa mbao, sauti mbili zilijibu.

"Amiiiiin."

Zilikuwa za Lado na mjomba. Nilizijua zote mbili.

Askari mmoja kwenye ngazi alikuwa amevua kofia. Alipoona anatazamwa, aliirudisha haraka.

Koplo aliingia darasani. Tulisubiri. Hakuna lililosikika, wala kipigo, wala kelele, na kimya hicho kilinitisha kuliko vyote. Alipotoka alikuwa amemshika Mzee Kenyi mkono, karibu kwa upole.

"Huyu nauliza yeye jina, nacheka tu. Chukua mzee yenu."

"Na mjomba wangu, afande?"

"Msomaji na kijana nakwenda Arua. Lori inakuja. Wakubwa iko Arua, wao ndiyo wataamua."

"Naweza kumwona?"

"Hapana."

Alichukua kikapu cha mihogo. Tulipokuwa tukigeuka, sauti ya mjomba ilitoka nyuma ya mbao, si kubwa, kama alivyokuwa akiniita kwenye banda la tumbaku.

"Kiden. Mpelekeni Kenyi Zaire. Msirudi hapa."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa bado nikichagua jibu wakati mlinzi alitusukuma barabarani.

Lori lilikuja. Tulilisikia kutoka vichakani, likishika njia ya Arua. Mjomba Yosia na Lado hawakuonekana tena.

Sasa nipime hasara, kama ninavyoweza. Mzee mmoja alirudi. Wanaume wawili hawakurudi. Kama ningekaa vichakani, huenda wangepotea wote watatu. Kama ningesema "mkulima", huenda wangerudi wote. Nimeipima hesabu hiyo kwa miaka, na kila mara mizani inakataa kutulia. Tuliporudi Uganda baada ya miaka ya ukimbizi, nilikwenda Arua nikauliza. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa mwingine, kwa adabu. Miaka ya tisini Dranya ilijenga kanisa la matofali, lenye bati, na watu walitaka kuandika jina lake ukutani. Mke wake alikataa. Alisema huwezi kuandika ukutani mtu ambaye hujamzika. Nilidhani anakosea, kisha nikaona hakosei. Hakuna kaburi. Kuna mahali tu ambapo anakosekana.

Shahidi pekee wa yaliyotokea darasani alikuwa Mzee Kenyi. Tulipovuka mpaka na kupata pa kukaa Zaire, kabla hujafika mji wa Ingbokolo, nilimwandikia swali mchangani, kwa kuwa alijua kusoma kidogo: je, askari walijua kazi ya mjomba kabla sijaja?

Alilisoma kwa muda mrefu. "Yosia aliwaambia," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Siku ya kwanza. Alisema, mimi ndiye naongoza, hawa wawili waachieni."

Nikafuta, nikaandika tena: umejuaje, na wewe husikii?

"Niliona midomo yake."

"Darasani mlikuwa na mwanga?"

Hilo nililiuliza kwa mdomo nikiwa nimeinamisha uso; hakuliona, nami sikuliandika. Nilijua nikiliandika, ningeendelea kumwuliza mpaka afe. Huenda aliona kweli. Huenda alikuwa mzee mwema aliyemhurumia msichana. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Lakini mbao zina nyufa.

Wenyeji wa Zaire walitupokea vizuri. Mwenye shamba tulilokaa alituambia, "Hapa kila mutu anasali vile anataka." Jumapili ilipofika, watu wa Dranya waliokuwa wametawanyika walikusanyika kando ya shamba lake la mihogo, wakakaa chini, nasi tukangoja. Hakuna aliyesimama. Jumapili nyingine ikawa vivyo hivyo. Tulikaa, tukatazamana, tukaondoka. Nilielewa kwa nini. Atakayesimama mahali pa Yosia atakuwa wa kwanza kusema kwamba Yosia harudi. Mimi pia nilikuwa nikingoja. Nilijiambia kwamba nikipata uhakika wa yaliyotokea, kama nilimuuza au sikumuuza, kama yu hai au la, hapo nitajua kama nina haki ya kufungua kinywa.

Jumapili iliyofuata Shangazi Safia alikuwa amekaa pembeni, akimenya muhogo.

"Nyinyi mnakaa kama kuku ya mvua," alisema. "Mnangoja nini?"

"Msomaji, mama," mtu mmoja alijibu.

"Huyu hapa anajua kusoma. Serikali ililipa pesa mingi yeye asome."

"Ni mwanamke," mzee mwingine alisema. "Na ni mtoto."

"Kambini hakuna mutu aliuliza hiyo."

Walinigeukia. Nilianza kufikiri. Niliwaza kwamba mzee yule hakukosea kabisa. Niliwaza kwamba mke wa Yosia alikuwa amekaa mbele yangu, na sikujua uso wake unasema nini. Niliwaza kwamba sijui maombi yanafika vipi, sijui midomo ilisema nini gizani, na kwamba sitajua, si wiki ile wala miaka ishirini baadaye. Mawazo yalikuwa yale yale. Lakini niligundua, kwa mshangao, kwamba magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunyooka, na kwamba sikuwa nikiyazuia.

Nilisimama. Sikwenda mbele, nilibaki pale pale nilipokuwa nimekaa, katikati ya watu.

Nilimwuliza mke wa mjomba kama ananiruhusu. Alitazama chini, kisha akasogeza mkeka wake ili nipate nafasi ya kukanyaga.

Nikauliza kama kuna mgonjwa wa kuombewa. Mikono kadhaa iliinuka. Nikaanza na wa karibu, mtoto mwenye kikohozi, nikamwuliza mama yake mtoto anaitwa nani.